MKONO USIOSIKIA MOTO



Mtu aliyenyeshewa na mvua ya masika baharini, akifika pwani huwaambia wenziwe: "Nasikia baridi." Neno hilo hilo la kusikia ndilo tulitumialo kwa adhana, kwa mlango unaogongwa na kwa mtoto anayelia. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuwa na hadubini, wala hawakupasua mwili wa mtu wakaitazama mishipa ya fahamu. Lakini neno lao limeuelekea ukweli. Kwani anayesikia hupokea habari iliyotoka mahali pengine, ikachukuliwa na mjumbe hata ikamfikia. Na jambo la joto na baridi ndivyo lilivyo: ngozi ndiyo ipatayo habari, mishipa ya fahamu ndiyo wajumbe, na ubongo ndio usikiao.

Walimwengu hawakulijua hili kwa siku moja. Imewachukua zaidi ya miaka elfu moja kulifikia, na katika muda huo wote hasara ya kutojua haikuwa ndogo. Wako watu waliopoteza vidole vyao, nyumba zao na jamaa zao, kwa sababu hapakuwa na aliyefahamu maana ya mkono usiosikia moto. Kwa hiyo tuifuate historia hii hatua kwa hatua, mimi nawe, tuone imetufikisha wapi na inatutaka nini.

HAKIMU KATIKA NCHA YA KIDOLE

Tuanze na matabibu wa kale. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya pili baada ya kuzaliwa Nabii Isa, alifundisha kwamba miili na vyakula na dawa vyote vina sehemu ya hali nne, nazo ni joto, baridi, ukavu na unyevu. Na kwamba afya ni hali hizo kukaa katika mizani. Elimu hiyo ikatafsiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, ikasomwa, ikahojiwa, ikaongezwa, hata ikafika kwa Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadhan mwaka 1037. Kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, kilisomeshwa Mashariki na Ulaya kwa karne nyingi.

Ibn Sina alieleza jambo moja lenye faida kubwa kwetu hapa. Alisema kuwa katika viungo vya mwili, ngozi ndiyo iliyo karibu zaidi na wastani, na katika ngozi, ile ya mkono, na katika mkono, kiganja, kisha vidole, na katika vidole, kidole cha shahada, na katika kidole hicho, ncha yake. Kwa sababu hiyo ncha ya kidole huwa ni kama hakimu wa vitu vinavyoguswa. Hakimu haimfalii kuelemea upande wa huyu wala wa yule. Na ncha ya kidole, kwa kuwa haikuzidi joto wala haikuzidi baridi, huweza kutambua kilichozidi.

Tena hakuridhika kuihesabu hisi ya kugusa kuwa ni hisi moja tu. Aliona kwamba huenda ndani yake mna nguvu nne: moja hupambanua moto na baridi, ya pili kikavu na chenye maji, ya tatu kigumu na laini, ya nne chenye kukwaruza na kilicho nyororo. Lishike neno hili, msomaji, kwani baada ya miaka zaidi ya mia nane tutaliona likirudi.

Tiba hii ilifika mpaka pwani yetu. Hata leo, hapa Mafia na Unguja na Lamu, utawasikia watu wazima wakisema kwamba chakula fulani ni cha moto na fulani ni cha baridi, ingawa vyote viwili vimepikwa jiko moja na kupakuliwa saa moja. Hawasemi juu ya moto wa kuni. Wanasema juu ya hali ya chakula chenyewe, kama walivyofundisha matabibu wale.

HAKIMU HUDANGANYIKA

Lakini je, hakimu huyu wa ncha ya kidole huhukumu kwa haki siku zote? Mwaka 1690 mwanafalsafa wa Kiingereza, John Locke, alitoa kitabu juu ya akili ya mwanaadamu, akaeleza humo kwamba maji yale yale, kwa wakati mmoja, yanaweza kuwa baridi kwa mkono mmoja na moto kwa mkono wa pili.

Jaribu mwenyewe. Weka mabakuli matatu: moja la maji baridi, la pili la maji ya moto yasiyounguza, na la katikati la maji ya uvuguvugu. Tia mkono mmoja katika baridi na mwingine katika moto, uhesabu mpaka mia. Kisha itie mikono yote miwili katika bakuli la katikati. Mkono uliotoka kwenye baridi utakuambia kuwa maji haya ni ya moto; uliotoka kwenye moto utakuambia kuwa ni baridi. Maji hayawezi kuwa yote mawili. Basi mikono haikuyapima maji. Ilipima tofauti iliyopo baina ya maji na hali yake yenyewe.

Sisi wa Mafia tunalijua hili visimani. Maji ya kisima kirefu hayabadiliki sana joto lake mwaka mzima. Lakini alfajiri ya mwezi wa Julai, kusi inapovuma, anayeteka maji ya kutawadha huyaona yana uvuguvugu. Na adhuhuri ya mwezi wa Februari, jua likiwa utosini, ndoo ya kisima kile kile huiona baridi. Kisima hakikubadilika. Iliyobadilika ni ngozi ya mtekaji.

Tena tazama jahazi iliyolala pwani usiku kucha. Asubuhi gusa ubao wake, kisha gusa nanga yake. Utasema nanga ni baridi kuliko ubao. Lakini ukivipima kwa kipimajoto utavikuta karibu sawa sawa. Chuma hulinyang'anya mkono joto lake upesi, na ubao huliacha. Kwa hiyo ngozi haisomi joto la kitu kama kipimajoto kisomavyo. Husikia yenyewe inavyopata joto au inavyopokonywa.

Kisha liko ajabu la homa ya malaria. Mgonjwa anatetemeka, meno yanagongana, anaomba blanketi la pili. Nawe ukimgusa paji la uso unaona anawaka. Ni nani msema kweli, mkono wako au yeye? Wote wawili. Chini ya ubongo iko sehemu ndogo inayolinda joto la mwili, nayo kwa desturi huliweka karibu na digrii 37 za Sentigredi. Maradhi yakiingia, sehemu hiyo hukiinua kipimo chake, tuseme mpaka digrii 39 au 40. Mwili ukiwa bado uko chini ya kipimo hicho kipya, ubongo huhesabu kwamba joto limepungua, na mtu husikia baridi ya kweli hali joto lake linapanda. Homa ikivunjika, kipimo hushuka. Mwili sasa una joto la ziada, ndipo mgonjwa hutokwa na jasho na kuzitupa shuka.

Twaona basi kwamba kusikia baridi si kazi ya ngozi peke yake. Ngozi hutoa ushahidi. Ubongo huulinganisha ushahidi huo na kipimo ulicho nacho, kisha hukata hukumu.

VITUO VYA JOTO NA VITUO VYA BARIDI

Njia wanayopita wajumbe hawa ilifunuliwa kwa sehemu kubwa na mtu wa bahari yetu hii ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, kisiwani Mauritius, mwaka 1817, akasomea utabibu mjini Paris. Katikati ya karne ya 19 alionyesha kwamba ule ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo ukikatwa nusu, upande mmoja tu, kiumbe hupoteza nguvu za viungo upande ule ule uliokatwa, lakini kusikia maumivu, joto na baridi hupotea upande wa pili. Maana yake ni kuwa habari hizi, zikisha kuingia katika ugwe wa mgongo, huvuka ng'ambo, na huko ndiko zipandiako kwenda kwenye ubongo. Mkono wako wa kulia ukiungua, ni upande wa kushoto wa ubongo unaopata habari.

Kisha mwaka 1882 Magnus Blix, wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, alichukua kifaa cha chuma chenye ncha nyembamba, akapitisha ndani yake maji baridi au ya moto, akawa anaigusa ngozi nukta kwa nukta. Akakuta kwamba nukta hii husikia baridi tu, na ile husikia joto tu, na baina yake iko nafasi isiyosikia hili wala lile. Alfred Goldscheider mjini Berlin alilithibitisha jambo hilo mwaka 1884, na Henry Donaldson huko Baltimore, Marekani, mwaka 1885. Vituo vya baridi vikaonekana kuwa vingi kuliko vya joto.

Hata hili unaweza kulijaribu nyumbani. Laza msumari katika maji baridi sana, kisha uiguse kwa ncha yake nyuma ya mkono wako, taratibu, hapa na hapa. Mahali pengine utasikia kuguswa tu. Pengine baridi itakuchoma kama tone la barafu. Ndivyo lilivyorudi lile neno la Ibn Sina, kwamba kupambanua moto na baridi ni nguvu iliyo mbali na nguvu nyingine za kugusa; na safari hii likaja na ushahidi.

Wajumbe wenyewe hawana mwendo mmoja. Habari nyingi za baridi, na za maumivu makali ya ghafla, hupita katika mishipa myembamba iliyovikwa utando, nayo huenda mbio. Habari za joto, na za maumivu mazito yanayodumu, hupita katika mishipa isiyo na utando, na mwendo wake ni kama mita moja kwa sekunde, sawa na mtu anayetembea polepole. Ndiyo sababu ukiigusa sufuria ya moto mkono huruka kabla hujasikia kitu: ugwe wa mgongo umekwisha toa amri pasipo kuungoja ubongo. Kisha hufika uchungu mkali, na nyuma yake ule uchungu wa pili ambao hauondoki. Yote haya ni mpango wa ulinzi. Kwanza mkono uokolewe. Halafu mwenyewe aambiwe. Halafu akumbushwe asisahau kuutunza.

SIRI YA PILIPILI

Hata hapo swali kubwa lilikuwa limebaki: kile kituo cha ngozi kinajuaje kwamba huu ni moto? Jibu lilitoka jikoni. Methali yauliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Nasi tunaweza kuuliza: na ile tuliyoila, yatuwashiani? Pilipili haina moto. Ukiisaga na kuipima kwa kipimajoto huoni joto la zaidi, na ulimi uliosema kuwa unaungua haukuungua. Mbona basi ubongo umesikia moto?

Mwaka 1997 David Julius na wenziwe, huko San Francisco, Marekani, waliipata protini iliyoko katika ncha za mishipa ya fahamu, ambayo kazi yake ni kama ya mlango mdogo. Mlango huo hufunguka joto likifika karibu na digrii 43, yaani pale linapoanza kuumiza. Ukifunguka, chembe zenye umeme huingia katika mshipa, na mshipa hupeleka habari ya moto. Ile dawa iliyomo katika pilipili huufungua mlango huo huo bila ya joto lolote. Mjumbe hamjui aliyefungua. Yeye hupeleka habari aliyozoea kuipeleka, na ubongo huisadiki. Ndege hawana shida hii, maana mlango wao haufunguliwi na pilipili. Ndiyo sababu kuku hudonoa pilipili nyekundu asishtuke.

Mwaka 2002 Julius, na pia Ardem Patapoutian aliyezaliwa Beirut, Lebanon, kila mmoja katika maabara yake, waliupata mlango wa baridi. Huo hufunguka ngozi inapopoa, na hufunguliwa vile vile na menthol, dawa ipatikanayo katika majani ya jamii ya nanaa. Kwa hiyo anayejichua kwa dawa yenye menthol husikia ubaridi hali ngozi yake haikupoa. Mwaka 2021 wawili hao walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya kusikia joto na kuguswa.

Nakuomba, msomaji, usiipite digrii ile 43 kwa haraka. Joto hilo bado halijaunguza nyama kwa mguso mfupi. Ni pale hatari inapokaribia. Mlango umewekwa ufunguke kabla ya hasara, si baada yake. Uchungu wa moto, ambao sote tunauchukia, ni mlinzi aliyesimama hatua moja mbele ya adui.

MJUMBE AKIFA

Sasa tuulize: je, mtu asiyepata habari hizi hali yake huwaje? Asiyefikiri atasema kwamba huyo ana raha, kwa kuwa haumwi. Tumtazame basi mgonjwa wa ukoma, maradhi ambayo vitabu vya Kiarabu huyaita judham.

Mwaka 1873, mjini Bergen, Norway, daktari Gerhard Armauer Hansen alikigundua kijidudu kinacholeta maradhi haya. Kijidudu hiki kina tabia inayohusiana sana na somo letu: hupenda ubaridi. Hustawi zaidi panapokuwa na joto la kama digrii 30 kuliko katika joto la ndani ya mwili. Kwa hiyo huwa mbali na moyo na tumbo, hukaa katika ngozi, pua, ndewe za masikio, mikono na miguu, na katika mishipa ya fahamu ipitayo karibu na ngozi. Na katika mishipa hiyo, mara nyingi wa kwanza kunyamaza ni wajumbe wa joto na baridi. Mtu huwa bado anasikia akiguswa, lakini keshapoteza kupambanua. Matabibu waliijua alama hii, wakawa wanalipima baka la ngozi kwa vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto na kimoja cha maji baridi, na kumwuliza mgonjwa: kipi ni kipi?

Tazama yanayofuata. Mama anapika kwa moto wa vifuu vya nazi. Anaepua sufuria kwa mikono mitupu; haisikii; anaiweka chini taratibu kama aliyeshika bakuli la maji. Harufu ndiyo inayomwambia kwamba vidole vyake vimeungua. Mvuvi anavuta kamba, inamkata kiganja, naye anaendelea kuvuta. Mtu anatembea juu ya mchanga wa mchana bila viatu, jioni anaona malengelenge asijue yametoka wapi. Na kidonda kisichouma hakitunzwi. Huingia uchafu, hutunga usaha, hufika mfupani, na mfupa hupungua. Leo kipande, mwakani kipande.

Kwa karne nyingi watu waliviona vidole vikifupika, wakasema: ugonjwa huu unakula nyama. Aliyelichunguza neno hili kwa makini ni daktari Paul Brand, Mwingereza aliyefika hospitali ya Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946. Aliwapasua wagonjwa mikono ili kuinyosha, akaona vidonda vile vikipona kama vya mtu yeyote. Akatambua kwamba nyama ile haikuwa na kasoro. Kilichoiharibu ni kazi za kila siku zilizofanywa na mikono isiyopata onyo. Wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakakuta kidole kimepungua, na ilipochunguzwa ikaonekana ni panya aliyekuja usiku akakitafuna, mwenyewe yuko usingizini na hakusikia kitu. Ikawa wagonjwa wanapewa paka wa kulala nao. Tafakari, ndugu yangu: paka alifanya kazi ya mshipa wa fahamu uliokufa.

VISIWA VYA WALIOTENGWA

Kutofahamu huku kulizaa khofu, na khofu ikazaa ukatili. Si kila mahali wala si kila zama. Wanahistoria wametaja kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus tangu mwaka 705 hadi 715, aliwawekea wenye maradhi haya posho yao ili wasiombe watu. Lakini mahali pengi waliandamwa na kufukuzwa, na mara nyingi mahali walipopelekwa palikuwa ni kisiwa.

Jambo hili latuhusu sisi tuliozaliwa visiwani. Kisiwa kwetu ni nyumbani, ndiko waliko wazazi wetu na makaburi yao. Kwa wagonjwa hawa kisiwa kilifanywa gereza. Huko Afrika ya Kusini walipelekwa Robben Island tangu mwaka 1846 hadi 1931. Huko Hawaii walitengwa katika rasi ya Kalaupapa, kisiwa cha Molokai, tangu mwaka 1866, na sheria ya kuwatenga haikuondolewa mpaka mwaka 1969. Uganda, mwaka 1931, daktari Leonard Sharp aliwafanyia makazi katika kisiwa cha Bwama, ziwa Bunyonyi. Yeye alikusudia wema, akawapa matibabu, shule na mashamba, lakini hata hivyo palikuwa mbali na kwao. Unguja nako palikuwa na makazi ya Walezo, nje ya mji.

Na khofu hiyo yote ilikuwa imepita kiasi. Ukoma ni katika maradhi yasiyoambukiza kwa wepesi. Hupita kwa pumzi na makamasi, kwa kukaa pamoja muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, na miili ya watu walio wengi hukishinda kijidudu chake. Vidole vilivyofupika, ambavyo ndivyo vilivyowatisha watu, havimwambukizi mtu kitu. Ni makovu ya moto, ya kamba na ya miiba. Mama yule alifukuzwa kwa sababu ya makovu ya jiko alilowapikia watoto wake.

YATUPASAYO LEO

Ukoma una dawa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza itumike dawa ya mchanganyiko, ambayo hukiua kijidudu kwa matibabu ya miezi 6 au 12, na tangu mwaka 1995 dawa hiyo hutolewa bure ulimwenguni. Nchi yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mwaka 2006 ilifikia kiwango cha kuwa na mgonjwa chini ya mmoja katika kila watu 10,000. Hata hivyo wagonjwa wapya bado wanaonekana kila mwaka. Na dawa hukiua kijidudu, lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kufa haurudi. Kwa hiyo kuwahi ndiko kunakookoa mkono. Basi yatupasa mambo manne.

Kwanza, tujichunguze na tuwachunguze watoto wetu. Baka lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha, ambalo likiguswa kwa pamba halisikii, si la kufichwa wala la kupakwa dawa za kubahatisha. Apelekwe mtu zahanati. Anayeanza dawa, haupiti muda ila huwa hamwambukizi tena mwenziwe. Hapana sababu ya kumtenga hata siku moja.

Pili, aliyepona lakini amebakiwa na ganzi, macho yake yawe badala ya ngozi yake. Aepue chungu kwa kitambaa kinene, atumie mwiko wenye mpini mrefu, avae viatu hata uani, na kila jioni aitazame mikono na miguu yake, mbele na nyuma. Akiona kidonda, akitunze kama kinachomwuma.

Tatu, jambo hili si la wenye ukoma peke yao. Maradhi ya kisukari yameenea sasa, nayo vile vile huiua mishipa ya fahamu ya miguuni polepole. Mzee mwenye kisukari anaweza kuitia miguu yake katika maji ya moto kupita kiasi, akakaa anazungumza, akaitoa imeungua. Asiyapime maji kwa mguu huo. Mtoto wake au mkewe ayapime kwa kiwiko, kisha amwambie: tayari, baba.

Nne, tuuchunge ulimi. Wako watu waliotibiwa wakapona, wamo vijijini mwetu, na jina la ukoma bado linatumiwa kuwa tusi. Asemaye tusi hilo huyatukana makovu ya kazi.

Waislamu sote tumesomeshwa ile hadithi mashuhuri inayowafananisha waumini na mwili mmoja, ambao kiungo chake kimoja kikiumwa mwili wote hukesha na kupata homa. Baada ya kuipitia historia hii, nadhani twaifahamu zaidi. Mwili huo ni mwili wenye wajumbe. Jamii ambayo mmoja wake huungua na waliobaki hawana habari imekufa ganzi, na ganzi haiumi; kwa hiyo huweza kupoteza kidole baada ya kidole ikidhani iko salama.

Tibabu wa Vellore alitumia paka kwa kuwa usiku ule hapakuwa na mtu wa kukesha. Sisi tunao watu, tunao majirani, tunao watoto wetu wenye mikono mizima. Asiyesikia moto, na awe na wa kumsikilizia.

Wabillahi taufiki.